Mwanga wa Leza Katika Pumzi ya Mgonjwa

Mgonjwa wa namna hii anafahamika kwa kila mhudumu wa afya aliyewahi kukaa katika chumba cha wagonjwa wa nje. Ana maumivu ya chembe cha moyo, tumbo humwungua usiku, na mkononi ameshika karatasi tatu za maabara zilizokunjwa na kukunjuliwa hata zimechakaa. Karatasi ya kwanza inasema kuwa damu yake ina kingamwili dhidi ya bakteria Helicobacter pylori. Alitibiwa kwa wiki mbili, akapata nafuu. Baada ya miezi kadhaa maumivu yakarudi, akapimwa kwa kipimo kilekile, majibu yakawa yaleyale, akatibiwa tena. Karatasi ya tatu nayo haikusema jambo jipya. Sasa anauliza swali ambalo ni haki yake kuliuliza: je, mdudu huyu hafi?

Huenda alikufa tangu matibabu ya kwanza. Kingamwili ni kumbukumbu ya mwili kuhusu adui aliyewahi kuingia, na kumbukumbu hiyo hubaki katika damu kwa miezi mingi, mara nyingine kwa miaka, baada ya adui mwenyewe kutoweka. Kipimo cha damu hakikusema uongo. Kiliulizwa kama mtu huyu amewahi kukutana na bakteria, kikajibu kwamba ndiyo. Waliokisoma wakadhani kimeulizwa kama bakteria yumo tumboni leo. Kwa kosa hilo la kusoma, mtu amemeza dozi mbili za antibiotiki, na ya pili pengine haikuwa na kazi yoyote ila kuwafundisha bakteria wengine wa mwilini mwake namna ya kuzikaidi dawa.

Kipo kipimo kinachojibu swali la leo. Mgonjwa hupuliza hewa ndani ya mfuko mdogo, hunywa maji yaliyochanganywa na urea, hungoja muda usiozidi nusu saa, kisha hupuliza tena katika mfuko wa pili. Hakuna sindano wala mpira unaoshushwa kooni. Kwa anayetazama, jambo lote linafanana na mchezo wa watoto, na wapo wagonjwa wanaokitilia shaka kwa sababu hiyohiyo: itakuwaje pumzi iseme yaliyomo tumboni? Shaka hiyo ni njema na inastahili jibu kamili. Makala haya yanatafuta jibu hilo katika kazi ya profesa mmoja wa kemia, Robert Curl wa Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Marekani. Hakuwa daktari, wala kipimo hicho si chake. Lakini maisha yake yote ya utafiti yalihusu jambo ambalo ndilo moyo wa kipimo chenyewe, nalo ni kutumia mwanga ili kuzipambanua molekuli zinazokaribia kufanana.

Mtoto wa mchungaji na jiko la mama yake

Curl alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Alice, jimbo la Texas, mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti. Alipotimiza miaka 9 wazazi wake walimpa sanduku la vifaa vya kemia, na haikupita wiki moja akawa amekwisha kuamua kwamba atakuwa mwanakemia. Gharama ya uamuzi huo iliangukia jikoni, pale asidi ya nitriki ilipochemka na kufurika juu ya jiko la mama yake na kuharibu uso wake. Alisoma shahada ya kwanza Rice, akaimaliza mwaka 1954, akaenda Berkeley kwa shahada ya uzamivu aliyoipata mwaka 1957, akapita Harvard kwa muda mfupi, na mwaka 1958 akarudi Rice kufundisha. Hakuhama tena. Alifariki dunia mwaka 2022.

Dunia inamkumbuka kwa sababu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1996, aliyoipata pamoja na Harold Kroto na Richard Smalley kwa kugundua, mwezi Septemba 1985, molekuli ya atomu 60 za kaboni zilizojipanga kama mpira wa ngozi wa kuchezea kandanda: vipande 12 vya pembe tano na vipande 20 vya pembe sita. Ni Curl aliyewakutanisha wenzake hao wawili. Hata hivyo, mpira ule wa kaboni ulikuwa njia ya pembeni katika safari yake. Kazi yake ya kila siku, kabla ya tuzo na baada yake, ilikuwa spektroskopia ya upambanuzi wa hali ya juu, na baada ya kupata heshima ambayo ingemruhusu kupumzika aliendelea, pamoja na mhandisi wa umeme Frank Tittel wa chuo hichohicho, kutengeneza vyombo vya leza vya kutambua gesi zilizomo hewani kwa kiasi kidogo mno. Miongoni mwa hewa walizozipima ni ile itokayo katika mapafu ya binadamu.

Meno ya chanuo

Ili kuelewa walichokuwa wakifanya, tuanze na ukweli kwamba molekuli haitulii. Atomu zake zimeunganishwa kwa vifungo vinavyovutika na kurudi kama springi, nazo hutikisika wakati wote. Tena molekuli nzima huzunguka kama pia ya mtoto. Mtikisiko na mzunguko huo hauwi wa kiasi chochote tu. Kwa kanuni za fizikia ya kwanta, nishati ya molekuli hupanda na kushuka kwa ngazi, na kama vile mtu apandaye ngazi hawezi kusimama katikati ya daraja moja na jingine, molekuli nayo haiwezi. Mwanga ukipita, molekuli humeza ule tu ambao nishati yake inalingana barabara na umbali kati ya daraja mbili. Mwanga mwingine wote huachwa uende zake.

Kwa hiyo mwanga ukipitishwa katika gesi na kupokelewa upande wa pili, huonekana una mapengo: mistari myembamba ambamo nuru imepungua. Mpangilio wa mistari hiyo ndio spektra ya gesi, na kila molekuli ina mpangilio wake usioazimwa na nyingine. Mistari inayotokana na mitikisiko hupatikana hasa katika mwanga wa infraredi, ulio chini ya wekundu na usioonekana kwa jicho. Gesi ya kabonidioksidi, kwa mfano, humeza kwa nguvu mwanga wenye urefu wa wimbi wa mikromita 4.3. Wahudumu wa chumba cha upasuaji wanautumia ukweli huu kila siku hata kama hawajauita kwa jina: mashine inayoonyesha kabonidioksidi katika pumzi ya mgonjwa aliyelazwa kwa nusukaputi, na kumwambia mtoa dawa ya usingizi kwamba mrija umeingia katika njia ya hewa wala si tumboni, hufanya kazi kwa mwanga huo.

Lakini mashine hiyo ya chumba cha upasuaji haioni mistari mmojammoja. Chukua chanuo lenye meno mengi membamba ulitazame kutoka ng'ambo ya barabara: utaona kipande kimoja cha ubao. Sogea karibu, meno yanatengana. Spektra ya kabonidioksidi ni chanuo la namna hiyo, na chombo cha upambanuzi mdogo huona ubao tu. Kwa matumizi ya nusukaputi inatosha, kwa kuwa kabonidioksidi ni nyingi, karibu sehemu 5 katika kila 100 za pumzi inayotoka. Hata hivyo wataalamu wa usingizi wanajua kwamba gesi ya nitrasi oksidi, inayotumika kulaza wagonjwa, ina chanuo lake jirani na lile la kabonidioksidi na huweza kuvuruga usomaji, ndiyo maana watengenezaji huweka marekebisho ndani ya mashine. Panapokuwa na majirani, ubao mmoja huegemea mwingine.

Kusogea karibu kunataka mambo mawili. La kwanza ni kuituliza gesi yenyewe. Katika hewa ya kawaida molekuli hugongana mara mabilioni kwa sekunde moja, na kila kugongana huvuruga mtikisiko kidogo, hata mistari ikapanuka na kuingiliana. Anayepita Kariakoo saa sita mchana hawezi kutembea mwendo wake mwenyewe, maana anasukumwa huku na huku. Alfajiri, mitaa ikiwa mitupu, mwendo wa kila mtu unatambulika kwa mbali. Watafiti hufanya alfajiri ndani ya chumba kidogo cha kioo au chuma kwa kunyonya hewa hadi shinikizo libaki sehemu ndogo ya lile la angani. Mistari hapo hujikunja na kuwa myembamba. Upo upanukaji mwingine, unaotokana na kukimbia kwa molekuli zenyewe, kama mlio wa gari la wagonjwa unavyobadilika likija na likienda. Huo hauondoki kwa pampu, ila ni mdogo zaidi.

Jambo la pili ni mwanga wenyewe. Ukitumia mwanga wa taa, wenye rangi nyingi zilizochanganyika, ni kama kuchomoa uzi kwa koleo la mhunzi. Leza, ambayo ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960, hutoa mwanga wa rangi moja iliyobanwa sana, na baadhi ya leza huweza kusogezwa polepole kutoka rangi moja hadi nyingine ya jirani, zikipita juu ya mistari ya molekuli mmoja baada ya mwingine kama kidole kipitacho juu ya maandishi ya wasioona. Kikwazo cha miaka mingi kilikuwa kwamba leza nzuri hazikupatikana katika eneo la infraredi ambako molekuli nyingi zina mistari yake mikubwa. Curl na wenzake walitumia leza zilizotaka ubaridi mkali na ustadi wa fundi. Mwaka 1994, katika maabara za Bell huko New Jersey, Jérôme Faist, Federico Capasso na wenzao walionyesha leza ya aina mpya iliyojengwa kwa tabaka nyembamba za semikondakta, ambayo rangi yake huamuliwa na unene wa tabaka hizo. Kikundi cha Rice kilikuwa miongoni mwa waliotambua mapema kwamba chombo hicho kidogo kingeweza kuitoa spektroskopia katika meza kubwa za maabara na kuipeleka penye watu.

Nyenzo ndogo kati ya mvuke mwingi

Kazi yao iliyo karibu zaidi na wodi ilihusu gesi ya nitriki oksidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba binadamu hutoa gesi hii katika pumzi, na kwamba wenye pumu huitoa kwa wingi zaidi, kwa kuwa njia zao za hewa zimevimba. Wingi huo ni wa kulinganisha tu. Mtu mzima asiye na uvimbe wa aina hiyo hutoa pengine molekuli 20 za nitriki oksidi katika kila molekuli bilioni moja za pumzi. Pumzi hiyohiyo, ikitoka mapafuni yenye joto la mwili, ina mvuke wa maji kiasi cha molekuli 6 katika kila 100. Maana yake ni kwamba kwa kila molekuli moja inayotafutwa zipo molekuli milioni tatu hivi za maji, nazo maji yana mistari yake katika eneo hilohilo la mikromita 5.3 ambako nitriki oksidi inapatikana.

Kwa chombo kinachoona ubao tu, kazi hii haiwezekani. Atakuwa amepima maji na kuyaita pumu. Kwa anayeona meno, inawezekana: anachagua jino moja la nitriki oksidi lililosimama mahali ambapo maji hayana jino, anaielekeza leza hapo, na anapima. Mwaka 2004 Curl, Tittel na wenzao walichapisha maelezo ya chombo cha leza cha kupima nitriki oksidi ya kibayolojia kwa njia hii, wakiwa wameufanya mwanga upite mara nyingi kati ya vioo viwili ili safari yake ndani ya gesi iwe ndefu na molekuli chache zipate nafasi ya kuonekana.

Miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wametoa ubunifu mwingine ambao binafsi naona ndio mzuri kuliko yote. Molekuli ikimeza mwanga hupata joto. Gesi ikipata joto hutanuka. Mwanga ukiwashwa na kupunguzwa kwa haraka, kutanuka na kunywea huko huwa sauti. Jambo hilo lilijulikana tangu karne ya 19, na watu walikuwa wakiweka maikrofoni kusikiliza. Kikundi cha Rice kiliweka mahali pa maikrofoni kile kijiwe cha kwatsi chenye meno mawili kilichomo ndani ya saa za mkononi, kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Umbo lake ni sawasawa na uma ule wa chuma ambao daktari huugonga na kuuweka juu ya kifundo cha mguu wa mgonjwa wa kisukari ili kujua kama bado anahisi mtikisiko, ila huu ni wa milimita chache na bei yake ni ndogo mno. Kelele za chumbani haziusumbui kwa sababu hausikii karibu chochote isipokuwa mlio wa masafa yake mwenyewe. Leza ikipigwa kwa mdundo unaolingana nao, gesi huuimbisha.

Nisiache msomaji akidhani kwamba kila kliniki ya pumu duniani sasa ina leza. Vifaa vingi vinavyopima nitriki oksidi ya pumzi hospitalini hutumia vihisio vya kikemia, si mwanga. Mwongozo wa Chama cha Kifua cha Marekani wa mwaka 2011 unaeleza kwamba kwa mtu mzima kiwango kilicho chini ya 25 katika bilioni hakielekei kuonyesha uvimbe unaosikia dawa za steroidi za kuvuta, na kilicho juu ya 50 huelekea kuuonyesha; kati ya hapo daktari hana budi kutazama mambo mengine. Namba hiyo peke yake haimpi mtu ugonjwa wala haimwondolei.

Kaboni mbili

Turudi kwa mgonjwa wetu wa karatasi tatu. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Perth, Australia, alikunywa kwa makusudi mchuzi wa bakteria waliotoka tumboni mwa mgonjwa ili kuthibitisha kwamba ndio wanaoliumiza tumbo. Yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2005. Bakteria huyo huishi ndani ya asidi ya tumbo kwa sababu ana kimeng'enya cha urease, kinachoivunja urea kuwa amonia na kabonidioksidi, na amonia hiyo humfunika kama mwavuli dhidi ya asidi. Seli za binadamu hazina kimeng'enya hicho. Basi ukimpa mtu urea yenye alama, na alama hiyo ikatokea katika kabonidioksidi ya pumzi yake baada ya dakika chache, aliyeivunja yumo ndani na yu hai. Bakteria aliyekufa havunji urea, na kingamwili haivunji urea.

Alama yenyewe ni kaboni. Kaboni ya kawaida ina uzito wa 12, lakini takriban atomu 11 katika kila 1000 za kaboni duniani, katika ugali, katika miti, katika miili yetu, zina uzito wa 13. Isotopu hii nzito haina mnururisho wowote; kikemia hutenda kama ndugu yake. Mwaka 1987, mjini Houston, jiji lilelile la Curl ingawa katika taasisi nyingine na kwa watu wengine, David Graham na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet kipimo cha pumzi kwa urea yenye kaboni 13. Walitumia mashine ya kupima uzito wa molekuli, ghali na kubwa, na sampuli zilipaswa kusafirishwa hadi mahali ilipo.

Spektroskopia ndiyo iliyofungua njia nyingine. Uzi mnene wa zeze hutoa sauti ya chini kuliko mwembamba; vivyo hivyo kabonidioksidi yenye kaboni nzito hutikisika polepole kidogo, na chanuo lake husogea kutoka mikromita 4.3 kuelekea 4.4. Machanuo mawili hayo yanaingiliana pembeni, tena moja ni kubwa kuliko jingine karibu mara 90. Mabadiliko yanayotafutwa ni madogo: mashine nyingi huhesabu majibu kuwa chanya pale uwiano wa kaboni 13 unapopanda kwa sehemu nne hivi katika elfu ya ule wa mwanzo, yaani atomu nne au tano zaidi katika kila atomu 100,000 za kaboni. Leo kuna mashine za infraredi, baadhi zikiwa za leza, zinazokaa juu ya meza ya maabara ya hospitali na kuusoma uwiano huo kwa dakika chache. Hapa ndipo ule uvumilivu wa wanakemia wa kuhesabu meno ya chanuo moja kwa miaka na miaka unapogusa tumbo la mtu.

Yanayoweza kuharibu majibu

Mashine ikiwa na upambanuzi wote huu, bado majibu huweza kupotoshwa kabla sampuli haijaifikia. Dawa za kupunguza asidi za jamii ya omeprazole huwafanya bakteria wapungue na kunyamaza bila kufa, na kipimo husema hawapo. Zisimamishwe kwa wiki mbili kabla ya kupima. Antibiotiki, pamoja na dawa zenye bismathi, zisitumike kwa wiki nne. Ndiyo sababu anayetaka kujua kama matibabu yamefaulu hapaswi kupimwa siku anayomaliza dozi. Angoje angalau wiki nne, na ikiwa maumivu yanamlazimu kutumia kitu katika siku hizo za kungoja, amweleze mhudumu wake ili wachague pamoja. Mgonjwa mwenye dalili za kutokwa na damu tumboni, anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami au anayekonda bila sababu, asingojee kipimo cha pumzi. Huyo anahitaji kutazamwa tumbo kwa kamera.

Aje akiwa hajala kwa saa kadhaa, na maji ya urea ayanywe kwa haraka bila kuyasukutua, kwa maana kinywani wapo bakteria wengine wenye urease, nao wataivunja urea na kumsingizia asiyekuwepo. Iko aina nyingine ya kipimo inayotumia kaboni 14, ambayo ina mnururisho, japo kidogo. Mwanamke mjamzito na mtoto wapewe ile ya kaboni 13, na mhudumu asione haya kusoma lebo ya kidonge ili kujua ni ipi aliyo nayo.

Mahali ambapo mashine hizi hazipo, nako ni kwingi katika nchi zetu, kuna kipimo cha choo kinachotafuta sehemu za bakteria mwenyewe badala ya kingamwili. Nacho hujibu swali la leo, na masharti yake ya dawa ni hayohayo. Asikatae mtu kupima choo kwa kuwa tu amesoma habari za leza.

Neno kuhusu wanaouza neno

Kwa kuwa maneno leza na kwanta yametajwa sana hapa, sina budi kusema habari za vifaa vinavyotembezwa katika maduka ya dawa za mitishamba, mikutanoni na hata nyumba kwa nyumba. Mgonjwa hushikishwa fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika moja hupewa kurasa nyingi za matokeo ya ini, figo, mifupa, macho na nguvu za kiume, pamoja na orodha ya virutubisho vya kununua papo hapo. Wauzaji husema ni teknolojia ya kwanta. Msomaji aliyefika hapa anaweza kujiuliza mwenyewe: mwanga uko wapi? Sampuli iko wapi? Ni molekuli ipi iliyopimwa, na kwa kulinganishwa na nini? Curl na wenzake walihitaji pampu, vioo, leza iliyosogezwa kwa uangalifu na miaka ya kazi ili kumpata jirani mmoja tu wa maji ndani ya pumzi. Fimbo iliyoshikwa kiganjani haipimi kitu cha namna hiyo.

Hata sayansi ya kweli ina mipaka yake hapa. Tangu zamani waganga walitambua kwa pua harufu ya matunda katika pumzi ya mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa, nayo ni asetoni. Lakini molekuli ya asetoni ina atomu 10, mistari yake ni mingi na imebanana hata shinikizo likishushwa haitengani vizuri, na kiwango chake hubadilika kwa njaa na chakula. Haijachukua nafasi ya tone la damu kidoleni, na mgonjwa wa kisukari asiache kupima sukari kwa kusubiri. Amonia katika pumzi ya mwenye figo zilizochoka nayo imefuatiliwa kwa leza na vikundi kadhaa, kile cha Rice kikiwa kimojawapo. Tatizo lake ni kwamba hushikamana na kuta za mirija kabla ya kufika penye mwanga, na nyingine hutengenezwa na bakteria wa kinywani, si na damu.

Katika chumba cha kupimia, makosa huwa ya kawaida zaidi. Mifuko miwili ya mgonjwa mmoja hufanana kwa rangi na ukubwa. Ukiandikwa wa kwanza kuwa wa pili, tofauti itatoka chini ya sifuri badala ya kupanda, na mashine bora kuliko zote itamwambia mwenye bakteria kwamba hana. Iandikwe mifuko kabla mgonjwa hajapuliza, kwa kalamu isiyofutika, jina na saa, na mgonjwa aonyeshwe.